Shajara ya mradi: tiketi za basi, malipo ya simu na Dapr

3 Machi 2025

Kazi imeanza rasmi. Mteja wetu ni kampuni ya mabasi yanayotoka Dar es Salaam kwenda Mwanza kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga. Mfumo walio nao ni programu moja kwenye seva moja: siti, malipo, ujumbe wa tiketi na ripoti za hesabu vyote vimo humo. Madirisha ya stendi ya Magufuli pale Mbezi yanakata tiketi humo, mawakala wa mikoani nao humo, na sasa kampuni inataka abiria akate mwenyewe kwa simu yake.

Asubuhi nimekaa na dada anayesimamia dirisha nikamuuliza kinachomsumbua kuliko vyote. Alijibu papo hapo: "Mdogo wangu, abiria akishakatwa hela halafu siti hana, hapo umwambie nini? Na haki ni yake." Kinachofuata kwa kero ni siti moja kuuzwa kwa watu wawili. Kwangu hayo mawili ndiyo mradi wenyewe. Ripoti, punguzo la watoto na mwonekano wa kurasa vitasubiri.

Chanzo cha kero ya kwanza kiko wazi. Kati ya hela kutoka kwa abiria na siti kuandikwa jina lake kuna kompyuta zetu, za kampuni ya simu, na mtandao katikati. Hakuna hata moja inayoona safari yote. Programu ikizimika baada ya kuomba malipo na kabla ya kuandika tiketi, ikiwaka tena haijui kwamba kuna mtu anasubiri. Tukiigawa programu vipande na kuipeleka kwenye wingu, yaani seva za kukodi mtandaoni, sehemu za kukatikia zinaongezeka.

5 Machi

Leo tumepima fremuweki, yaani misingi iliyokwisha kujengwa ambayo juu yake unaandika programu iliyogawanywa vipande isiyopoteza kazi kipande kimoja kikizimika. Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Erlang ilizaliwa Ericsson miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo ya simu, Joe Armstrong akiwa mmoja wa waasisi wake: michakato midogo mingi inatumiana ujumbe, mmoja ukifa mwingine unaujua na unauinua. Orleans ya Microsoft ilikuja baadaye ikiwa na wazo la karibu na hilo, ikabeba huduma za mtandaoni za mchezo wa Halo 4, kisha msimbo wake ukafunguliwa kwa umma mwaka 2015. Naziheshimu zote mbili, lakini timu yetu inaandika Python na Go, na siwezi kumwambia mteja asubiri tujifunze lugha upya.

Zimebaki Temporal na Dapr. Waasisi wa Temporal, Maxim Fateev na Samar Abbas, walijenga Cadence wakiwa Uber. Kabla ya hapo mmoja alikuwa kwenye Simple Workflow ya Amazon na mwingine kwenye Durable Task ya Microsoft. Ni watu waliolikabili tatizo lilelile kwa miaka mingi, mahali tofauti, na inaonekana kwenye kazi yao. Temporal inafanya jambo moja: inakumbuka kazi imefika wapi, hata mashine zikifa zote.

Dapr ni pana zaidi. Microsoft waliitangaza Oktoba 2019, toleo la 1.0 likatoka Februari 2021, na mwaka huohuo mradi ukaingia CNCF, taasisi ileile inayolea Kubernetes, programu ya kuendesha huduma kwenye kundi la mashine. Mwaka jana CNCF iliuhitimisha, yaani iliutambua kuwa mradi uliokomaa. Inatoa njia ya huduma kuitana, foleni za ujumbe, hifadhi ya hali (data ambayo huduma inaikumbuka), utunzaji wa siri kama nywila, na mitiririko ya kazi inayodumu, yaani kazi za hatua nyingi zinazokumbuka zilipofika. Sehemu hii ya mwisho ndiyo tunayoitaka, na imetangazwa kuwa thabiti kwenye toleo la 1.15 lililotoka mwishoni mwa Februari, yaani juzi tu.

Uamuzi: tunaanza na Dapr, kwa sababu tunahitaji foleni na siri pamoja na mitiririko, na sisi ni wachache. Lakini nimeweka sharti kwenye kumbukumbu za kikao. Kabla ya Pasaka kutakuwa na jaribio la kuua huduma katikati ya malipo. Dapr ikishindwa hapo, tunahamia Temporal bila mjadala. Vitendo vyenyewe, yaani kuomba hela, kushika siti na kutuma SMS, tunaviandika kama funksheni za kawaida ili kuhama kusiwe kuanza upya.

12 Machi

Amri ya `dapr init` imetuwekea Redis (hifadhi ya data na ujumbe) na Zipkin (chombo cha kufuatilia ombi likipita huduma mbalimbali), na huduma zetu tatu, `siti`, `malipo` na `ujumbe`, zinaongea.

Kwa ndugu wanaosoma shajara hii bila kuijua Dapr: haiingii ndani ya programu yako. Kila huduma inapewa mchakato wa pili unaokaa pembeni yake kwenye mashine ileile. Huduma inaongea na huyo msaidizi kwa HTTP kwenye mlango 3500 au kwa gRPC kwenye 50001, njia mbili za programu kuongea, naye ndiye anayehangaika na dunia ya nje. Ni kama daladala: dereva macho yake yako barabarani, nauli na abiria ni kazi ya kondakta. Programu ya siti haijui kama ujumbe unapita Redis au RabbitMQ. Jioni tumebadilisha faili moja la mipangilio, la YAML, foleni ikahamia RabbitMQ, na msimbo wa siti haukuguswa hata mstari.

Kitu kimoja cha kuangalia mapema. Ukihifadhi kitu kwa ufunguo `A12`, Dapr inauandika kama `siti||A12`, ikitanguliza jina la huduma. Kwa hiyo `malipo` akiomba `A12` hakipati. Nimependa tabia hiyo, kwa sababu inazuia huduma moja kuchezea data ya nyingine kimyakimya. Ukitaka kushirikiana unaiambia kwa makusudi kupitia `keyPrefix`.

19 Machi

Siti. Hapa fremuweki haitusaidii, na ni vizuri kulisema wazi kabla mtu hajaanza kuisukumia kila kitu.

Siti ya basi la masafa marefu si siti moja. Abiria wa A12 akishuka Dodoma, A12 hiyohiyo inauzwa kwa mtu wa Dodoma hadi Mwanza. Makondakta wanalijua hilo kichwani. Mfumo wa zamani haukulijua, ndiyo maana mabasi yalikuwa yanatoka Dodoma na siti tupu ambazo kompyuta inasema zimejaa.

Hifadhi ya hali ya Dapr ni ya ufunguo na thamani. Ina ulinzi wa ETag: unasoma na namba ya toleo, ukiandika na toleo limeshabadilika unakataliwa, mradi umeomba mwandishi wa kwanza ndiye ashinde, maana kwa kawaida yake wa mwisho ndiye anayeshinda. Kwa siti zinazokatwa vipande vya njia hiyo haitoshi. Tumeamua siti zikae moja kwa moja kwenye kanzidata ya PostgreSQL, na sheria iwe ndani yake, kwamba siti moja ya safari moja isiwe na vipande vya njia vinavyoingiliana:

`EXCLUDE USING gist (safari WITH =, siti WITH =, vipande WITH &&)`

Vituo vina namba: Dar 0, Morogoro 1, Dodoma 2, Singida 3, Shinyanga 4, Mwanza 5. Kipande cha Dar hadi Dodoma ni `[0,2)`, cha Dodoma hadi Mwanza ni `[2,5)`. Mabano ya duara mwishoni yana maana kwamba kituo cha kushukia hakihesabiwi, kwa hiyo vipande hivyo viwili haviingiliani na vyote vinakubalika kwenye A12. Mtu wa tatu akitaka Morogoro hadi Singida, `[1,3)`, kanzidata inamkatalia, hata kama maombi yamefika sekunde moja kutoka madirisha mawili. Inahitaji kiongezo cha `btree_gist`, basi. Mstari mmoja huu unaondoa kero ya siti kuuzwa mara mbili kwa uhakika kuliko kufuli lolote ambalo tungelijenga kwenye programu.

27 Machi

Leo mtiririko wa tiketi umekamilika kwa mara ya kwanza, kutoka kuchagua siti hadi SMS. Umeandikwa kwa Python na unasomeka kama mtu anavyosimulia kazi: shika siti, omba malipo, subiri taarifa ya malipo au dakika kumi, chochote kitakachotangulia. Taarifa ikija, toa tiketi na tuma ujumbe. Dakika zikiisha, uliza hali ya muamala. Kama haukulipwa, achia siti.

Uzito uko kwenye neno "subiri". Kwenye programu ya kawaida kusubiri dakika kumi ni uzi (kazi moja ndani ya programu) uliolala kwenye kumbukumbu ya mashine, na mashine ikizimwa umekwenda nao. Hapa Dapr inaandika kila hatua kwenye kanzidata kama historia. Mashine ikifa, nyingine inauchukua mtiririko, inauendesha tangu mstari wa kwanza, na kila inapofika hatua iliyokwisha inachukua jibu lililohifadhiwa bila kuifanya tena. Hivyo inafika pale ilipokuwa ikisubiri, na saa inaendelea kuhesabu.

Kwa sababu ya kurudia huko, mtiririko lazima utoe maamuzi yaleyale kila unaporudiwa. Hakuna kusoma saa ya mashine ndani yake, hakuna namba za bahati nasibu, hakuna kuita API, yaani mlango wa mfumo mwingine, moja kwa moja. Saa unaiomba kwa `current_utc_datetime`, mengine yote yanakwenda kwenye vitendo. Nimeliweka hili kama kipengele cha kwanza kwenye orodha ya ukaguzi wa msimbo.

Kuachia siti malipo yasipokuja ni mbinu ambayo Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem waliieleza mwaka 1987 kwa jina la saga: kazi ndefu inagawanywa hatua, na kila hatua ina ya kuitengua. Karibu miaka arobaini baadaye, hiyo ndiyo namna tunavyomrudishia abiria hela yake.

Kiufundi: historia inakaa PostgreSQL, kwenye kanzidata yake pembeni, na kipengele `actorStateStore` lazima kiwe `true`, la sivyo mitiririko haiwaki.

3 Aprili

Jaribio la kuua. Mwenzangu aliandika programu fupi inayoizima podi ya `malipo`, yaani kifurushi ambamo huduma hiyo inaendeshwa, kwa nyakati mbalimbali huku tiketi za majaribio zikiendelea kukatwa. Nimetaka liandikwe kwa kirefu.

Kuua wakati wa kusubiri: hakuna shida. Podi mpya ilipoinuka, mitiririko yote iliendelea, na taarifa za malipo zilipofika zikakuta mtu wa kuzipokea. Hilo peke yake ni zaidi ya mfumo wa zamani ulivyowahi kufanya.

Kuua baada ya tiketi kuandikwa, kabla ya SMS: ujumbe ulitoka podi iliporudi. Mara nyingine ulitoka mara mbili. Foleni za Dapr zinaahidi kwamba ujumbe utafika angalau mara moja, hazijaahidi mara moja tu. Tumeiacha hivyo. Abiria akipokea SMS mbili za tiketi ileile hadhuriki.

Sasa lile gumu. Tuliua podi baada ya ombi la malipo kutoka kwenda kwenye lango la majaribio, mfumo wa malipo wa upande wa kampuni ya simu, na kabla Dapr haijaandika kwamba kitendo kimekamilika. Podi iliporudi, historia ilisema ombi halijafanyika, kwa hiyo likafanyika tena. Kwa abiria halisi maana yake ni simu kumwomba namba ya siri mara mbili, na mtu mwenye haraka anaweza kuiweka mara zote mbili.

Hii si kasoro ya Dapr. Temporal nayo ingerudia kitendo hicho, kwa sababu hakuna fremuweki inayoweza kujua kama ombi lililotoka nje lilifika au lilikufa njiani. Fremuweki inalinda kumbukumbu zako mwenyewe. Kwenye mpaka ambapo hela inahama kati ya kampuni mbili, ulinzi ni kazi yako, na hiyo ndiyo saa nyingi zaidi tutakazotumia kwenye mradi huu.

Tulichokubaliana, na jioni kikaanza kuandikwa:

Namba ya kumbukumbu ya muamala inatokana na namba ya mtiririko. Haitengenezwi ndani ya kitendo. Kwa hiyo kitendo kikirudiwa mara ngapi, namba ni ileile. Inaandikwa kwenye jedwali la miamala, lenye sharti la kutojirudia, kabla ombi halijatoka. Kitendo kikikuta namba imeshaandikwa, hakitumi. Kwanza kinauliza lango hali ya muamala huo. Kikiambiwa haujulikani, ndipo kinatuma, kwa namba ileile, ili lango lenyewe liweze kuikataa nakala.

Kujaribu tena kiotomatiki kumezimwa kabisa kwenye njia ya kuomba malipo. Dapr inakuruhusu kuweka sera za muda wa kusubiri na za kurudia kwenye YAML, na ni rahisi kuziwasha kwa huduma zote kwa pamoja. Kwa SMS tumeziwasha. Kwa hela hapana.

Taarifa ya malipo inayorudi inaandikwa kwenye jedwali letu kwanza, ndipo tukio linapelekwa kwenye mtiririko. Taarifa inaweza kufika mtiririko ukiwa umekwisha, na tukio lililotumwa kwa mtiririko uliofungwa halina wa kulishughulikia. Ikiwa kwenye jedwali haipotei, na kazi ya kila dakika chache inapita kutafuta hela zilizofika zikakosa tiketi. Ikizikuta inajaribu kwanza kumpa abiria siti iliyobaki kwenye basi lilelile; isipokuwepo, inafungua mtiririko wa kurudisha fedha.

Baada ya hayo tumerudia kuua mahali palepale. Ombi moja kwa kila tiketi. Dapr imepita sharti, tunabaki nayo.

10 Aprili

Mitandao. Mwaka 1994 Peter Deutsch wa Sun Microsystems aliorodhesha dhana potofu za wajenzi wa mifumo inayosambaa, na mojawapo ni kudhani mtandao unategemeka. Huku kwetu hatuhitaji kusoma orodha hiyo ili kuamini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ya Tanzania ikayumba nchi nzima.

Vituo vikubwa vya wingu vilivyo karibu nasi viko Afrika Kusini: Microsoft walifungua Johannesburg mwaka 2019, Amazon Cape Town 2020, Google Johannesburg Januari 2024. Yaani njia ya kutoka Mbezi hadi kwenye seva inapita baharini, palepale nyaya zilipokatikia. Kwa hiyo klasta ya Kubernetes, kundi la mashine zetu, tumeiweka kwa mtoa huduma wa Dar es Salaam, nakala za kanzidata zinakwenda Johannesburg. Dapr imetusaidia hapa, maana haijali ipo kwenye wingu la nani. Mafaili ya YAML ndiyo yamebadilika.

Bado dirisha la Nzega au Singida linaweza kukatikiwa intaneti saa nzima huku abiria wamesimama foleni. Tumeanzisha mgao: kila dirisha linapewa usiku siti chache za basi la kesho, zimeshikwa kwa jina lake kwenye kanzidata. Mtandao ukikatika, dirisha linauza mgao wake kwa fedha taslimu bila kumuuliza mtu, ukirudi linatuma orodha. Siti za mgao ambazo hazijauzwa zinarudi kwa wote saa chache kabla ya basi kuondoka. Hii ilikuwa hoja ya meneja wa stendi, mzee aliyekata tiketi za vitabu enzi zake, na ni bora kuliko mapendekezo yote ya upatanishi wa data tuliyomletea.

22 Aprili

Pasaka imepita. Hatukuwasha mfumo mpya. Tuliuendesha kimya pembeni ya wa zamani, ukipokea nakala za maombi ya kweli bila kugusa hela. Siti zilizokataliwa na kanzidata kwa kugongana tumezilinganisha na malalamiko yaliyoandikwa dirishani siku zilezile. Zinaoana. Dada wa dirisha ameomba awe wa kwanza kuwashiwa.

8 Mei

Mawili ya faragha na matoleo.

Historia ya mtiririko inahifadhi kila kinachoingia na kutoka kwenye kitendo. Ukipitisha jina na namba ya simu ya abiria, vinabaki humo vikisomeka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwepo, abiria hajatupa namba yake ili ikae kwenye majedwali ya fremuweki. Sasa mtiririko unabeba namba ya tiketi tu; kitendo cha SMS ndicho kinachokwenda kutafuta simu. Mitiririko iliyokwisha inafutwa kwa ratiba, jedwali la miamala linabaki kwa ajili ya wahasibu.

Matoleo: ukibadilisha mpangilio wa hatua wakati kuna mitiririko iliyo njiani, kurudia historia kunagongana na msimbo mpya. Bahati yetu safari ya tiketi ni ya dakika, si ya miezi. Tunasajili mtiririko mpya kwa jina jipya, tiketi mpya zinaingia huko, za zamani zinamalizia kwa msimbo wao, kisha tunauondoa. Ukiwa na mtiririko wa mkopo wa mwaka mzima, hili linahitaji kupangwa tangu siku ya kwanza.

Gharama: kila podi sasa ina msaidizi wake anayekula kumbukumbu, na kwa huduma tatu hatuoni uzito. Ingekuwa programu ya ukurasa mmoja na kanzidata moja, nisingemshauri mtu aibebe. Kwa upande wa faida ambazo hatukuziomba, mawasiliano kati ya huduma yamesimbwa kwa mTLS, ambapo kila upande unathibitisha mwingine kwa cheti, bila sisi kuandika kitu, vyeti vikijibadilisha vyenyewe kila saa 24, na kwenye Zipkin tunaiona tiketi moja ikipita huduma zote tatu. Kijana wetu mpya amejifunza mfumo kwa kutazama michoro hiyo kuliko kwa maelezo yangu.

26 Mei

Tumewasha njia ya Dar hadi Dodoma kwa abiria wa kweli, madirisha ya Mbezi kwanza, simu baadaye wiki hiihii. Wa zamani unaendelea kwa Singida na kwingineko. Mpaka jioni hakuna hela iliyokosa tiketi. Moja ilichelewa kufika, kazi ya kupita jedwali ikaikuta na kumpa abiria siti nyingine kwenye basi lilelile kabla hajapiga simu.

Yaliyobaki kabla ya kufika Mwanza: mtiririko wa kurudisha fedha unasubiri idhini ya mhasibu kwa kila muamala, naye hataki kuidhinisha kwa kubofya mpaka aone jina la aliyeomba na sababu. Yuko sahihi. Hatua hiyo nayo itakuwa tukio linalosubiriwa, kama malipo, ila muda wake ni siku tatu badala ya dakika kumi. Naanza nayo kesho asubuhi, yeye akiwa mezani.